Picha za Angani na Pwani ya Bagamoyo

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Bagamoyo, usirudi kwenu kabla ya kwenda misioni kuutazama mbuyu. Misioni ile ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Utafuata njia yenye miembe mikubwa, utaliona kanisa, na si mbali nalo utauona mbuyu mnene. Sogea karibu, uinamie shina lake. Hapo utaona kipande cha mnyororo wa chuma kikichungulia katika gome. Wenyeji watakueleza kwamba mwishoni mwa karne ya 19 mnyororo ule ulizungushwa shinani ili kufungia punda. Mti ukazidi kunenepa, ukaumeza mnyororo kidogo kidogo, na siku hizi kimebaki kipande kifupi tu.

Je, ni nani aliyeuona mbuyu ukimeza mnyororo? Hakuna. Watu walipita pale kila siku, asubuhi na jioni, wala hawakuona kitu. Ndivyo nchi inavyobadilika machoni petu. Mwaka huu mti mmoja wakatwa, mwaka ujao mitano. Mtoto anayezaliwa leo hukuta uwanja mtupu, naye hudhani uwanja ule ulikuwa mtupu tangu kuumbwa kwa dunia. Baba yake aijua miti kumi, babu yake aujua msitu. Kila mmoja asema kweli, lakini hawaelewani.

Basi leo nataka tusafiri pamoja kutoka Dar es Salaam hata Bagamoyo na kuvuka Ruvu, tukiwa na picha chache mkononi. Picha hizo zimepigwa kutoka juu sana, kupita mawingu, kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini. Tutazame zasema nini juu ya pwani yetu, na zaidi ya hayo, zinyamazapo nani atasema.

SHAHIDI ALIYE JUU

Zamani, mtu aliyetaka kujua nchi ilivyokuwa alitegemea mashahidi wa namna tatu. Wa kwanza walikuwa wazee. Wa pili yalikuwa maandiko, kama daftari la kila siku walilokuwa wakiandika mapadre wa Bagamoyo, au vitabu vya wasafiri waliopita hapa na wapagazi wao. Wa tatu zilikuwa ramani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walirusha ndege juu ya Tanganyika kupiga picha za nchi ili wachore ramani nzuri, na picha hizo zafaa hata leo.

Kisha ukaja mwaka 1960. Marekani ilifaulu kupata picha za kwanza kutoka vyombo vya siri vilivyoitwa Corona, vilivyorushwa kwa ajili ya kuwapeleleza Warusi na Wachina. Chombo kilizunguka dunia huku kikipiga picha kwa filamu, kama kamera ya kawaida. Utauliza, filamu ilirudije chini? Ilitiwa katika kasha, kasha likaachiliwa lishuke na mwavuli mkubwa, na ndege ikalinasa kwa kulabu likiwa bado hewani juu ya bahari! Kazi hiyo iliendelea hata mwaka 1972. Mwaka 1995 Rais Clinton aliamuru picha hizo zifunguliwe kwa watu wote, nazo zilikuwa zaidi ya 800,000. Si kila mahali pa Afrika pamo, lakini sehemu nyingine zimo, maana chombo kilipiga pia nchi kilizopita njiani. Hivyo kazi ya wapelelezi imekuwa msaada kwa wanaopima misitu. Dunia ina mambo!

Tarehe 23 Julai 1972 kilirushwa chombo cha namna nyingine, kisichokuwa cha siri. Baadaye kikaitwa Landsat 1. Kazi yake ilikuwa kuitazama nchi tu: misitu, mashamba, maji na miji. Kilirudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 18. Kilipochoka kikafuatwa na ndugu zake. Landsat 5 iliyorushwa mwaka 1984 ilifanya kazi hata mwaka 2013. Leo Landsat 8 na Landsat 9 zapokezana zamu kwa urefu wa kilomita 705 kutoka ardhini, na kwa kuwa ni mbili, kijiji chako chapitiwa kila baada ya siku 8, yapata saa nne asubuhi, wewe ukiwa shambani. Vyombo hivi ndivyo viitwavyo setilaiti.

Usidhani kwamba picha hizi zaonyesha uso wa mtu. Picha imegawanyika katika miraba midogo, na kila mraba una rangi moja tu. Katika picha za kwanza mraba ulikuwa kama mita 80 kila upande, yaani zaidi ya eka moja na nusu. Tangu miaka ya 1980 mraba ukawa mita 30 kila upande, yaani pungufu kidogo ya robo eka. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, zilizoanza mwaka 2015, zaonyesha mraba wa mita 10, kama nyumba moja na ua wake.

Lakini zina jambo moja ambalo macho yetu hayana. Zaona mwanga ulio kando ya mwanga mwekundu, ambao binadamu hauoni. Majani mabichi hurudisha mwanga huo kwa wingi, na maji huumeza. Basi wataalamu huuchora kwa rangi nyekundu. Ukipewa picha ya namna hiyo usishangae kuona msitu mwekundu kama damu, bahari nyeusi, na mchanga mweupe. Mikoko huwa nyekundu iliyoiva, kwa sababu ina majani mengi na chini yake pana maji na matope. Ukishaizoea rangi hiyo, utaisoma picha kama unavyosoma gazeti hili.

KUTOKA DAR ES SALAAM

Mwezi wa Septemba nilipanda gari pale Makumbusho, nikakaa dirishani na picha zangu magotini. Picha ya kwanza ilikuwa ya miaka ya 1970. Ndani yake Dar es Salaam ni doa la kijivu kando ya bandari. Kaskazini ya doa hilo nchi ni ya mashamba, minazi na vichaka, na barabara ya Bagamoyo yaonekana kama uzi.

Nikatazama nje. Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju: nyumba juu ya nyumba, maduka, gereji, shule. Nikaitazama picha ya siku hizi. Doa la kijivu limeufuata ule uzi wa barabara na kuvuka Bunju, hata nyumba zaingia Mapinga na Kerege, ambako zamani mtu alikwenda kununua nazi na mihogo. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta watu 272,821 katika Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo. Watu hao wote lazima walale mahali, wapike kwa kitu, na wanywe maji.

Penye kilima cha Wazo, mahali panapochimbwa mawe ya saruji, pana kovu jeupe. Kiwanda kile kilianza kutoa saruji mwaka 1966. Saruji peke yake haijengi, yataka na mchanga. Mchanga mwingi wa kujengea mji ulichotwa katika vijito vinavyoshuka baharini upande huu wa kaskazini. Nayo bahari yaishi kwa mchanga huo huo, maana kijito huleta mchanga pwani, na mawimbi huupanga ufukoni. Ukimnyima bahari mchanga wake, atautafuta mwenyewe. Pale Kunduchi bahari ilikula ufuko kwa miaka mingi, hata kuta za mawe zikajengwa kuizuia, na wataalamu waliochunguza walitaja uchimbaji wa mchanga kuwa mojawapo ya sababu. Hapa ndipo picha za miaka mingi zafaa, kwa maana unaweza kuchora mstari wa ufuko wa mwaka mmoja juu ya mstari wa mwaka mwingine, ukapima kwa rula ardhi iliyoliwa.

Na je, kuni na mkaa? Mwaka 2010 watafiti walitoa habari za misitu iliyo kati ya kilomita 10 na 220 kutoka Dar es Salaam. Walilinganisha hali ya mwaka 1991 na ya mwaka 2005. Hao walitembea kwa miguu wakihesabu miti na visiki. Walikuta kwamba ukataji wa mbao za thamani ulikuwa ukisogea mbali na mji kilomita 9 kila mwaka, na nyuma yake uchomaji wa mkaa ukifuata kilomita 2 kila mwaka. Ni kama mawimbi: wimbi la kwanza lachukua mninga na mvule, la pili lachukua kilichobaki. Setilaiti huona vigumu wimbi la kwanza, kwa sababu mti mmoja ukitolewa katikati ya msitu, mraba wabaki mwekundu vile vile. Huliona vizuri wimbi la pili, wakati msitu umekwisha kuwa vichaka.

MIKOKO NA MTO

Tulipita Zinga na Kiromo, tukaingia Bagamoyo. Kesho yake nilikwenda Kaole kwa miguu. Ni mwendo wa saa moja na zaidi, nawe utakuta magofu ya msikiti wa karne ya 13 pamoja na makaburi ya mawe. Hapo palikuwa na mji wa biashara, na vyombo vya baharini vilitia nanga karibu. Leo ukisimama penye magofu hulioni wimbi, maana mbele yako pamejaa matope na mikoko. Basi usidhani kwamba mabadiliko ya nchi huanza na setilaiti, au kwamba kila mara bahari ndiyo huila nchi. Hapa nchi ndiyo iliyoifukuza bahari.

Kaskazini ya mji Mto Ruvu waingia baharini. Katika picha zilizopigwa baada ya masika, utauona ulimi mrefu wa maji ya udongo ukitoka kinywani mwa mto na kwenda mbali baharini. Udongo huo ni mashamba ya watu wa bara. Sehemu yake hutua, na juu ya tope jipya mikoko huota yenyewe. Na mto huo huo ndio unaonywesha Dar es Salaam: mtambo wa Ruvu Juu wajengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini, katika wilaya hii ya Bagamoyo, mwaka 1976. Kwa hiyo anayelima ukingoni mwa Ruvu ashika bomba la mtu wa Kariakoo asiyemjua.

Mikoko ina historia ndefu. Kwa mamia ya miaka majahazi yalichukua boriti za pwani hii kwenda Uarabuni kuezekea nyumba. Kisha watu walikata mchu kuwa kuni za kuchemshia chumvi, na mahali pengine mikoko iliondolewa ili kutengeneza mashamba ya chumvi, ambayo katika picha yaonekana kama vyumba vyeupe vilivyopangwa kando kando. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku kukata mikoko, na mwaka 1991 ukatolewa mpango wa kuitunza.

Je, mpango ulisaidia? Hapo watafiti wa Tanzania na wa Marekani walizitumia picha za Landsat za pwani yote ya Tanzania Bara, wakatoa matokeo mwaka 2003. Katika picha za miaka ya 1988 hadi 1990 walihesabu hekta 109,593 za mikoko. Katika picha za mwaka 2000 walihesabu hekta 108,138. Tofauti yake ni hekta 1,455, yaani kama eka 3,600. Waliokuwa wakidhani mikoko yote imekwisha walishangaa, na waliokuwa wakisema hakuna kilichopotea waliaibika. Lakini jumla huficha mambo. Wilaya moja ilipata, nyingine ikapoteza. Mikoko iliyoota mahali pengine haimsaidii mama aliyezoea kuokota tondo katika hori la kwao.

MZEE NA PICHA

Nilifika katika kijiji kimoja kando ya hori, na jina lake nitalinyamazia. Nikamkuta mzee akishona wavu chini ya mkungu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, keti.”

Nikamweleza habari za picha. Akaacha wavu, akaichukua picha ya mwaka 1988, akaigeuza mpaka bahari ya kwenye karatasi ikaelekea upande wa bahari yenyewe. Sikumfundisha. Kisha kidole chake kikaanza kutembea: hapa ndipo tulipopitisha mtumbwi, hapa palikuwa na kisima, hapa ndipo tulipokata boriti. Vijana watatu wakasogea kutazama. Katika picha ile ukingo wa hori ulikuwa mwekundu. Katika picha ya mwaka 2000 mahali pale pale palikuwa peupe.

Kijana mmoja akasema, “Babu, hapo hapajapata kuwa na mikoko. Mimi nimezaliwa hapa.”

Mzee akacheka. “Wewe umezaliwa juzi. Mikoko ilikuwapo, ikaondoka na mvua za El Niño.”

Mvua hizo, msomaji utazikumbuka, zilinyesha mwaka 1997 hata 1998, zikaharibu barabara na madaraja katika nchi yetu. Lakini mimi nilikuwa na picha nyingine, ya mwaka 1995. Niliitoa kwa kusitasita, kwa kuwa si adabu kumsahihisha mzee mbele ya wajukuu. Akaitazama kwa muda mrefu. Katika picha hiyo, miaka miwili kabla ya mvua, ukingo ulikuwa tayari mweupe.

Akanyamaza. Kisha akasema polepole, “Basi nimeisingizia mvua. Zilikuwa kuni za chumvi. Na shoka moja lilikuwa langu.”

Hakuna aliyecheka. Nami naliona kwamba kijana amejifunza neno kubwa kuliko lile lililokuwa katika picha.

Lakini ngoja, ilikuwa zamu yangu kuaibika. Nyuma ya kijiji, katika picha ya siku hizi, palikuwa na wekundu mwingi usiokuwapo zamani. Nikasema kwa furaha, “Lakini tazama, mzee, huku msitu umerudi!”

“Msitu gani?” akauliza. “Hiyo ni mikorosho na miembe. Msitu wenyewe ulikuwa kule, palipo na rangi ya maziwa.”

Tukainuka, tukaenda kutazama. Ilikuwa mikorosho, imepangwa mistari. Setilaiti ilikuwa imeona majani, ikasema kweli: pana majani. Lakini mkorosho ni chakula na ada ya shule, na msitu ni kitu kingine, wenye dawa, mizizi, asali na ndege. Anayejua tofauti hiyo ni yule anayetembea pale.

PICHA HUDANGANYA LINI?

Kwa hiyo, msomaji, jifunze mambo machache kabla ya kuamini ramani utakayoletewa kijijini.

Kwanza, uliza picha ilipigwa mwezi gani. Picha ya Mei, baada ya masika, ni nyekundu tupu, na ya Septemba au Oktoba imekauka. Mtu akikulinganishia Mei ya mwaka 1990 na Oktoba ya mwaka 2020, atakuonyesha kwamba nchi imekuwa jangwa, kumbe ni kiangazi tu. Lazima kulinganisha mwezi na mwezi.

Pili, pwani uliza maji yalikuwaje. Bamvua na maji mafu si kitu kimoja. Maji yakijaa, mikoko michanga hufunikwa, na ufuko huonekana mwembamba. Yakitoka, ufuko huonekana umeongezeka. Mvuvi alijua hayo kabla ya mtaalamu.

Tatu, kumbuka mawingu. Pwani yetu ina mawingu mengi, na wingu na kivuli chake huficha nchi. Tena picha za miaka ya 1970 ni chache. Palipokosekana picha, mtu asijaze kwa kukisia.

Nne, picha huonyesha kilichopo, lakini haionyeshi mwenyewe ni nani. Ng'ambo ya Mto Wami iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ambako tembo huweza kufika ufukoni. Huko wanavijiji wengine wamebishana na hifadhi kwa miaka juu ya mpaka. Picha ya zamani yaweza kuonyesha kwamba mwaka fulani mahali fulani palilimwa au palikuwa na kijiji. Hilo ni jambo kubwa. Lakini haiwezi kusema nani alipewa na nani, au watu walipatana nini. Hayo yako katika hati na katika vinywa vya watu, na vinywa vyafa. Yaandikeni mapema.

NANYI KIJIJINI

Huenda wasema, “Hayo ni ya wasomi, sisi tutayapata wapi?” Zamani ungekuwa na haki. Picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Lakini mwaka 2008 Marekani ilifungua ghala lote la Landsat, na tangu hapo picha hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Hata kijana mwenye simu nzuri anaweza kufungua Google Earth na kuona kijiji chenu kikibadilika mwaka kwa mwaka tangu 1984. Mjini Nairobi kipo pia kituo cha nchi za Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinachofundisha kazi hii ya upimaji na ramani, na Tanzania ni mwanachama wake.

Mwalimu wa sekondari aweza kufanya hivi na wanafunzi wake. Achague picha mbili za mwezi mmoja, ya zamani na ya sasa. Azichape kwa ukubwa ulio sawa. Aweke karatasi nyembamba juu ya ya kwanza, wanafunzi wachore mipaka ya msitu, mashamba, mikoko, maji na nyumba. Wafanye vivyo hivyo kwa ya pili. Kisha karatasi hizo mbili ziwekwe pamoja dirishani penye mwanga. Palipo na tofauti ndipo penye habari. Mwisho, wachague mahali ishirini penye mashaka, waende kwa miguu pamoja na wazee, kwa maana pasipo safari hiyo kazi yote ni nusu.

Kazi hiyo si mchezo wa shule tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yawapa wanakijiji nafasi ya kusimamia ardhi yao kwa njia ya Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kijiji kutenga msitu wake chenyewe. Atakapokuja mtu na mkoba wake, aseme, “Eneo hili ni pori tupu, halijatumika kamwe,” mtajibu nini? Mkiwa na picha ya mwaka 1988, ya mwaka 2000 na ya mwaka huu, na majina ya mahali yaliyoandikwa na wazee wenu, mtakuwa na neno la kusema. Na ikiwa ni ninyi wenyewe mnaoumaliza msitu, picha itawaambia pia. Yafaa kuambiwa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilipoaga kurudi mjini, mzee aliniomba picha moja. Nilidhani atataka ile mpya, iliyo safi na yenye miraba midogo. Hapana. Akataka ile ya mwaka 1988, yenye ukingo mwekundu wa hori.

“Niachie hii,” akasema. “Mtoto akiambiwa tu palikuwa na mikoko, hasikii. Akionyeshwa, atauliza tuipande wapi.”

Nikamwachia. Aliikunja, akaitia ndani ya kofia yake, akaurudia wavu.

Basi, ndugu msomaji, kumbuka jambo hili moja. Katika siku nane zijazo, yapata saa nne asubuhi, chombo kitapita juu ya kijiji chako na kupiga picha. Hakitakuuliza jina wala dini, wala hakitasubiri ujitayarishe. Kitaandika nchi kama kitakavyoikuta: kichaka ulichochoma, mche uliopanda, kijito ulichochota mchanga. Picha hiyo itawekwa. Mwaka 2060 mjukuu wako ataifungua, ataigeuza mpaka bahari ielekee bahari au mlima uelekee mlima, naye atatafuta mahali pako kwa kidole.